Kibali cha Mlima Kenya kitaje pia pa kulala

Mhariri,

Sikukuu zikiangukia wikendi, mahema hurundikana kando ya Ziwa Ellis hali kambi nyingine za njia ya Chogoria zina nafasi. Wageni hawana ukaidi. Kibali wanachokilipia kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, huhesabu watu na siku, wala hakimpangii mtu ziwa la kulala. Akishapita langoni, kila mmoja hukimbilia mahali alipopaona kwenye picha.

Naliomba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) liweke kikomo cha mahema katika Ziwa Ellis na Ziwa Michaelson, na jina la kambi ya kila usiku liandikwe kwenye kibali. Linawezekana. Hifadhi ya Desolation, karibu na Ziwa Tahoe nchini Marekani, imegawanywa katika maeneo 45, na wakati wa kiangazi kila eneo lina idadi maalum ya watu wa kulala humo usiku wa kwanza.

Michaelson ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Liko karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huingia Mto Nithi, unaotegemewa na watu wa huku chini. Kwa baridi ya kule kinyesi hakiozi upesi, na mvua ikinyesha hukisomba hadi ziwani. Kwa hiyo hema likae angalau mita 60 kutoka majini. Shimo la choo nalo liwe mbali vivyo hivyo, kina cha sentimita 15 hadi 20, na karatasi zirudishwe chini ndani ya mfuko. Vyombo visioshewe ziwani. Kuni zisiwashwe kabisa, maana nyasi za kule zikikauka hushika moto mara moja; pikeni kwa jiko la gesi.

Utaratibu usipobadilika leo, wapandaji wajipange wenyewe. Lipeni kabla ya kuondoka mjini: langoni fedha taslimu hazipokewi, na mtandao si wa kutegemewa. Wakati wa mvua gari dogo laweza kushindwa kufika langoni kutoka Chogoria. Mtu peke yake haruhusiwi kupanda. Halafu hesabuni vizuri. Anayelala Ellis, kisha Michaelson, kisha kambi ya Shipton akishukia njia ya Sirimon, amelala mara tatu. Akiwa amelipia siku chache kuliko alizokaa, atadaiwa tofauti kwenye lango la kutokea. Kupunguza siku ili kuokoa pesa ndiko kunakoleta maumivu ya kichwa na kutapika, kwani lango la Chogoria liko karibu mita 2,950 na kilele cha Lenana ni mita 4,985. Mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi ya huko juu.

Kikomo kikiwekwa, nafasi zote zisifunguliwe miezi kadhaa kabla. Kampuni za utalii zitazichukua, na Wakenya wanaopanga safari wiki hiyo hiyo watafungiwa nje ya mlima wao. Sehemu ya nafasi itengwe, ifunguliwe siku chache kabla ya safari, na anayeahirisha aweze kuirudisha yake ili mwingine aipate.

Mwelekezi wa mlima,
Chogoria