Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Rufani Tulizosikiliza Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Naomba itifaki izingatiwe, maana nikianza kutaja wageni mmoja mmoja chai itapoa. Mambo ya fedha atayasoma Mhazini. Mimi nitayagusa pale tu yalipotukwamisha.

Kwa waliojiunga karibuni nieleze kidogo. Chama chetu hakitoi tuzo, kinasikiliza rufani. Mwanachama anayeamini kwamba Oscar fulani, ile tuzo ya filamu ya Marekani, ya mwaka wowote, ilikwenda kwa asiyestahili, anajaza fomu, anataja nani alipaswa kuipata, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi anasimama kumtetea. Mwingine anasimama upande wa aliyeshinda, kisha tunapiga kura. Sharti ni moja na halijawahi kulegezwa: hujazitazama picha zote mbili, huna kura, kaa usikilize. Aprili 2025 wenye Oscar yao nao walitangaza kwamba, kuanzia tuzo za 2026, mjumbe ambaye hajatazama picha zote za kundi fulani hatapiga kura ya mwisho katika kundi hilo. Sisemi wametuiga.

Mwaka tuliuanza kwa kukesha. Usiku wa kuamkia Jumatatu, Machi 3, tulijazana Sinza sebuleni kwa mwanachama mwenye king'amuzi. Sherehe ilianza saa tisa usiku kwa saa zetu, na Ramadhani ilikuwa imeingia, kwa hiyo waliofunga walikula daku huku wanatazama magauni: viazi vya nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Adhana ilipolia, wengine wakaenda msikitini, wakituagiza tusiwafiche matokeo. Walirudi kwa wakati wa kumsikiliza Adrien Brody akishukuru kwa zaidi ya dakika tano. (Msinitazame mimi.)

Jua limeshatoka ndipo likatajwa jina la Mikey Madison wa Anora kuwa mwigizaji bora wa kike. Sebule ikanyamaza. Wengine tulikuwa na Demi Moore, wengine na Fernanda Torres wa Brazili. Mwalimu wetu mstaafu wa Temeke akaweka kikombe chini, akasema: "Mama alinyimwa, na mtoto naye kanyimwa." Vijana hawakumwelewa. Mama yake Torres ni Fernanda Montenegro, aliyewania tuzo hiyo hiyo mwaka 1999 kwa Central Station, nayo ikachukuliwa na Gwyneth Paltrow wa Shakespeare in Love. Mwongozaji wa picha ya mama na ya mtoto ni mmoja, Walter Salles. Imepita miaka 26 katikati. Brazili safari hii walau iliondoka na tuzo ya filamu bora ya kimataifa, lakini Mwalimu hakutaka kufarijiwa. Palepale akaomba fomu.

Rufani yake tuliisikiliza Mei 3, na kwangu ndicho kikao kilichokuwa kitamu kuliko vyote. Waliokosa niwasimulie. Montenegro ni Dora, mwalimu mstaafu anayekaa na kimeza chake kwenye stesheni kuu ya treni Rio, akiwaandikia barua watu wasiojua kuandika. Wanamlipa, wanamwaga yaliyo moyoni, wanashukuru, wanaondoka. Yeye akifika nyumbani anazisoma na jirani yake kwa kicheko, nyingine anazichana, nyingine anazitupia kwenye mtoto wa meza. Posta hazifiki. Mwalimu wetu akasema, "Huyu nimefundisha naye." Akatuomba turudishe mara mbili sehemu ya mwisho, Dora akiwa ndani ya basi, amemwacha yule mtoto aliyezunguka naye nchi nzima, anaandika barua ya kwanza iliyo yake mwenyewe, analia huku anacheka. Mtoto anakimbia barabarani asimkute. Ukumbi mzima hakuna aliyegusa kashata.

Aliyesimama kumjibu ni binti yetu fundi cherehani wa Kariakoo, na alijitahidi kuliko tulivyotarajia. Alisema kuliza watu kuna njia nyingi, lakini kucheza, kama Paltrow, mwanamke anayejifanya mwanamume ili apate kuigiza, halafu jukwaani acheze mwanamke, na yote hayo yaonekane mepesi, hiyo kazi tunaidharau kwa sababu haitoi jasho. Akauliza ni lini chama hiki kimewahi kumpa haki mtu aliyetuchekesha. Mimi mwenyewe nilikwama. Rufani ilishinda, ila si kwa kura nyingi kama Mwalimu alivyodhani.

Za Juni zilikwenda haraka. Denzel Washington wa Malcolm X dhidi ya Al Pacino wa Scent of a Woman, tuzo za 1993: mjibu rufani alisimama, akatutazama, akakaa. Mtu akauliza kama ile Oscar aliyopewa Denzel mwaka 2002 kwa Training Day haikuwa fidia. Tukakubaliana kwamba fidia si hukumu. Siku hiyo hiyo kijana mmoja alikatia rufani wimbo. Kwenye tuzo za 1995 nyimbo tatu za The Lion King ziliwania pamoja, ikashinda Can You Feel the Love Tonight, na Hakuna Matata, yenye Kiswahili chetu, ikaachwa. Tulicheka, tukaimba, tukaitupa. Kiswahili peke yake si hoja.

Ukweli ni kwamba Kiswahili kilitusumbua zaidi Julai, katika Out of Africa dhidi ya The Color Purple. Tuzo za 1986: kila moja iliteuliwa mara 11. Ya kwanza ikabeba 7, pamoja na picha bora. Ya pili haikubeba hata moja, na mwongozaji wake, Steven Spielberg, hakuwa hata ameteuliwa. Wazee wetu wana mapenzi na Out of Africa. Imepigwa Kenya, watu wanaongea lugha tunayoisikia, milima tunaijua. Mzee wetu wa Ilala alisema kwa ujana wake kuona Mswahili anajibu kwa Kiswahili kwenye picha kubwa ya Wazungu ilikuwa sikukuu. Mrufani hakubishana naye. Aliomba tu tuhesabu: hao wanaojibu kwa Kiswahili, mara ngapi wanazungumza wao kwa wao, pasipo Mzungu kusimama pale? Tukaanza kuhesabu. Mzee akaacha kabla yetu. Mtu wa nyuma akaongeza kwamba Robert Redford anacheza mwana wa mabwana wa Kiingereza na anaongea Kimarekani kitupu tangu mwanzo hadi kaburini.

Upande wa pili kulikuwa na Whoopi Goldberg. Mnakumbuka Celie anavyoziba mdomo kwa mkono kila akitaka kucheka, na siku ya mezani anavyoshika kisu mbele ya mumewe baada ya miaka yote ya kupigwa. Hukumu: picha bora ikahama. Tuzo ya upigaji picha na ile ya muziki wa John Barry tukaziacha zilipo, kwa kuwa milima haina kosa.

Agosti ni aibu yangu, na niliahidi kuiandika humu. Tangu chama kianze nimekuwa nikisema kwenye kila kikao, hata pasipohusika, kwamba dhuluma kubwa kuliko zote ni Citizen Kane kushindwa na How Green Was My Valley katika tuzo za picha za mwaka 1941. Orson Welles alikuwa na miaka ishirini na kitu tu, picha yake iliteuliwa mara 9, akapata tuzo ya uandishi wa mswada akigawana na Herman Mankiewicz. Nilikuwa nayasema haya kama sala. Nilipojaza fomu, Katibu akaniuliza, kwa upole wake ule: "Mwenyekiti, hiyo iliyoshinda umeitazama?"

Sikuwa nimeitazama. Hata kipande.

Nikaitafuta, nikakaa nayo nyumbani na mama watoto. Ni ya John Ford, inahusu familia ya wachimba makaa ya mawe huko Wales, inasimuliwa na mtoto wa mwisho, Huw. Kaka zake wanaondoka mmoja mmoja, wengine hadi Marekani, meza ya chakula inazidi kubaki na nafasi. Mwishoni mgodi unabomoka, na lifti inapanda kutoka chini ikimleta yule mtoto amekaa, amepakata kichwa cha baba yake. Mke wangu ana kaka aliyewahi kushuka mashimoni Mererani. Hakusema neno. Aliinuka, akaenda kuzima jiko ambalo lilikuwa halijawashwa.

Agosti 2 nilisimama mbele yenu nikaondoa rufani. Wengine mlinizomea, na ni haki yenu. Bado naamini Kane ni picha yenye akili zaidi, na waongozaji waliokuja nyuma wameichota sana. Lakini kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemhukumu mtu nisiyemjua sura. Toka siku hiyo nimemwomba Katibu aniulize lile swali kila nikifungua mdomo.

Septemba hatukumaliza. Ilikuwa Goodfellas dhidi ya Dances with Wolves. Umeme ulikatika Ray Liotta akiwa ndio anapitisha mchumba wake mlango wa nyuma wa klabu, katikati ya jiko. Jenereta ikakohoa, na taa ya projekta nayo ikafa kabisa. Mzee wa Ilala akajitolea kusimulia iliyobaki kwa mtindo wa watafsiri wa vibanda vya video, na risasi zote, na stelingi akajibu kwa Kizaramo. Watu walikataa kuondoka. Kikatiba ule haukuwa utazamaji, kwa hiyo shauri limeahirishwa, ingawa kuna watano waliotaka Oscar apewe Mzee. Taa mpya ya projekta imetumaliza. Mhazini atawaambia kwa kiasi gani.

Oktoba 4 tuligombana. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, inayohusu sangara wa Mwanza, iliwania tuzo ya filamu bora ya hali halisi mwaka 2006, ikashindwa na March of the Penguins, yaani ndege wanaotembea barafuni. Mwaka huo huo Rais Kikwete aliikemea hadharani. Mjumbe wetu mzaliwa wa Kirumba, Mwanza, alisimama akiwa na hasira kabla picha haijaanza. Alisema mapanki, yale mabaki ya sangara, amekula, na si kwa sababu ya dhiki aliyoonyeshwa dunia, na kwamba hoja ya picha hiyo, kwamba ndege za kubeba samaki huja na silaha, inaning'inizwa tu bila kufungwa. Mrufani akamjibu: hilo la silaha nakuachia, lakini yule mlinzi wa usiku mwenye mishale, wale watoto wanaogombania wali, hao nao wameigiza? Sauti zikapanda. Rufani ilitupwa kwa kura nyingi mno. Nimeifikiria tena. Wapo waliompigia kura pengwini bila kumpenda pengwini. Ombi la kuisikiliza upya limeshaletwa, nami nimelikubali.

Kikao cha Novemba 1 hakikufanyika. Ilikuwa siku tatu baada ya uchaguzi mkuu, na sababu kila mkazi wa jiji hili la Dar es Salaam anaijua.

Desemba tulifunga na kwetu. Tanzania ilipeleka Maangamizi kuwania Oscar ya filamu ya kigeni mwaka 2001, na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022. Zote hazikufika kwenye orodha ya mwisho. Rufani ya Vuta N'Kuvute ilikuwa dhidi ya mshindi wa mwaka ule, All Quiet on the Western Front ya Ujerumani. Nilitangaza sharti, nikaomba waliotazama zote mbili wainue mikono. Ya Wajerumani: karibu wote. Yetu, iliyotoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo wengine hapa waliijibia mtihani, na iliyotwaa tuzo kuu ya tamasha la Carthage mwaka 2022: mikono sita. Hatukupiga kura. Badala yake tukaomba ruhusa ya kuionyesha, na tunasubiri majibu.

Sherehe ya mwaka 2026 itakuwa kwetu saa nane usiku, kuamkia Jumatatu, Machi 16, na kwa hesabu ya mwezi tutakuwa tena ndani ya Ramadhani. Mwenyeji ni yule yule wa Sinza, mkewe amekubali kwa sharti kwamba vyombo tuvioshe wenyewe. Fomu za rufani ziko kwa Katibu. Na aliyeondoka na birika la chama mwaka jana alirudishe kabla ya siku hiyo, lile kubwa, la mfuniko wa bluu.