Barua kwa mwanangu Siwema, anayekwenda kufunga jukwaa

Mwanangu Siwema,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi wazima, bibi yako naye hajambo, isipokuwa miguu inamsumbua asubuhi.

Habari za wewe kuchukuliwa kwenye timu ya umeme ya tamasha linalozunguka mikoani nimezipokea kwa furaha kubwa. Najua shangazi yako amekupigia na kukuuliza kama ulikwenda chuo cha ufundi cha VETA kusomea umeme ili ukabebe maspika. Usigombane naye. Yeye tamasha analijua kuanzia pale msanii anapopanda na taa zinapowaka. Hajawahi kuuona uwanja siku mbili kabla, ukiwa majani matupu na magoli mawili. Mimi nimeishi na kazi hii tangu ujana, nilipoanzia kwenye bendi za dansi, enzi fundi mitambo na mbeba vyombo alikuwa mtu yuleyule na vyombo vyote vinaenea kwenye Isuzu moja. Nakuandikia mapema kwa sababu ukishafika huko hakuna atakayekaa kitako akueleze. Kila mtu atakuwa na haraka.

Na hiyo haraka ndiyo ya kwanza kuijua. Jumamosi hii mko Mtwara, uwanja wa Nangwanda Sijaona. Jumamosi ijayo mko Songea, Majimaji. Baada ya hapo Sokoine, Mbeya. Watu wakishatoka uwanjani alfajiri na wasanii wakaenda kulala, nyinyi ndipo mnaanza kufungua vyombo, na lori linatakiwa liwe barabarani kabla jua halijawa kali. Wenzetu wenye fedha nyingi walipata njia ya kuipunguza. Bendi ya U2 walipozunguka dunia kuanzia 2009 hadi 2011, lile jukwaa lao la chuma la miguu minne, lenye urefu wa mita 50 hivi, halikuwa moja. Yalitengenezwa matatu. Wakati moja linatumika, jingine linafungwa mji unaofuata, na la tatu linafunguliwa kule walikotoka. Bendi ya Grateful Dead ya Marekani walikuwa wameshafanya kitu cha namna hiyo mwaka 1974, walipozunguka na ukuta wa spika wa tani zipatazo 75: majukwaa mawili yalikuwa yakipishana njiani ili mafundi wapate nafasi ya kufunga. Sisi seti ni moja, na watu ni walewale. Kwa hiyo haraka yote inabebwa na miili yenu, na ndiyo maana nataka uwe na mambo ambayo haraka haiyagusi kabisa.

La kwanza ni umeme, maana ndiyo kazi yako.

Jenereta likishashushwa, kabla hujagusa kebo yoyote, tafuta ethi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Fimbo ya ethi ipigwe chini mpaka izame, na kwenye udongo mkavu kama wa Dodoma mwagia maji, subiri, kisha pima. Usikubali mtu akuambie "hapa tulifunga mwaka jana hakukuwa na shida". Fikiria mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma na midomo yake iko kwenye maikrofoni. Kama ampi yake, yaani kikuza sauti cha gitaa, na mitambo ya sauti zinakula umeme wa sehemu mbili tofauti, na ethi zake hazijaunganishwa, njia ya umeme kutoka upande mmoja kwenda wa pili ni yeye mwenyewe.

Ukiunganisha nyaya kubwa moja moja, utaratibu ni huu: ethi kwanza, nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya pili, halafu ndipo fezi (nyaya zinazoleta umeme). Ukifungua, geuza: fezi zitangulie, nyutro ifuate, ethi iwe ya mwisho kabisa. Darasani walikufundisha sababu. Uwanjani utaiona sababu hiyo kwa macho siku nyutro itakapochomoka wakati fezi zote tatu ziko hai. Vyombo vilivyotengenezwa kwa volti 230 vinaanza kugawana volti 400 kila kimoja kwa kiasi cha umeme kinachokula. Kinachokula kidogo kinapata volti nyingi, na ampi zinatoa moshi kabla hujamaliza kugeuza shingo.

Halafu kuna jambo la rangi, na hapa naomba usome taratibu. Kwenye makasha ya kebo utakuta nyaya za zamani na za sasa zimechanganywa, kwa sababu kampuni hununua kidogo kidogo na hakuna anayetupa kebo nzima. Za zamani: nyekundu, njano na bluu ni fezi, nyeusi ni nyutro. Za sasa: kahawia, nyeusi na kijivu ni fezi, bluu ni nyutro. Umeona? Bluu na nyeusi zimebadilishana kazi. Kijana anayeunga kebo mbili za vizazi tofauti kwa kufuata macho, bluu kwa bluu, amepeleka fezi kwenye nyutro. Wewe usiunge kwa rangi hata mara moja. Unga kwa mita. Pima kila fezi kwa nyutro, fezi kwa fezi, nyutro kwa ethi, andika kwa kalamu kwenye kipande cha tepu, bandika kwenye boksi la kugawia umeme, weka na saa. Watakusonya. Meneja wa jukwaa atapiga kelele kwamba saundi cheki imechelewa. Mwache apige kelele, wewe maliza kupima.

Mengine ya kufunga utayajifunza kwa kuangalia. Ardhi inakaguliwa, mbao zinawekwa chini ya miguu ya chuma ili isizame, pima maji (kifaa cha kuangalia usawa) inapita kila kona, kisha sakafu, kisha paa. Trasi, ile fremu ya kuning'inizia taa, inafungwa ikiwa chini, kwenye kimo cha kifua, taa zinaning'inizwa na kuwashwa zote moja moja hapohapo, maana ikishapandishwa na mota, taa moja iliyokufa ni mtu kupanda mita nane juu. Kila taa na spika inayokaa juu, zaidi ya klampu (kibano) yake, iwe na kamba ya chuma ya usalama. Hilo hata kama si kazi yako, inua macho uangalie. Ukikuta haipo, sema.

Vitu vilivyo juu ya vichwa vya watu ndivyo vinavyoninyima usingizi, mwanangu, kuliko hata umeme. Tarehe 16 Juni 2012 kule Toronto, paa la jukwaa la bendi ya Radiohead liliporomoka ikiwa imebaki kama saa moja mageti yafunguliwe. Hakukuwa na dhoruba. Fundi wa ngoma wa bendi, aliyekuwa jukwaani akiandaa vyombo, alifariki pale na wenzake watatu wakaumia. Mwaka mmoja kabla, tarehe 13 Agosti 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, upepo ulilisukuma paa likawaangukia watu waliokuwa wakimsubiri msanii, na saba walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vyuma havikuwa na uwezo wa kustahimili msukumo wa pembeni kama kanuni zilivyotaka, na pia kwamba haikueleweka wazi nani mwenye mamlaka ya kusema shoo isimame. Hili la pili nimelishika sana. Mawingu yalionekana. Watu walijadiliana. Aliyetakiwa kutoa amri hakujulikana.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, mbele ya watu, muulize kiongozi wenu maswali mawili: upepo ukifika kasi gani paa linashushwa, na nani anatoa amri hiyo? Kama jibu ni "tutaona", basi jua hakuna jibu. Pwani ya kusini upepo wa bahari unabadilika jioni, na huko nyanda za juu mvua inatanguliwa na upepo wa ghafla. Kifaa cha kupima upepo si cha gharama kubwa, na kinatakiwa kiwe juu ya paa la jukwaa, siyo mfukoni kwa mtu. Angalia pia yale matangi ya maji yanayoshikilia miguu ya paa. Tangi la lita 1,000 ni tani moja likiwa limejaa. Wanapokuwa na haraka wanajaza nusu, au koki inavuja usiku kucha. Panda, fungua kifuniko, tazama maji yako wapi.

Sauti sitakuchosha nayo, una walimu wazuri. Nitakwambia moja tu kwa sababu naipenda. Kwenye uwanja mkubwa mnaweka spika za pili katikati ya watu, tuseme mita 70 kutoka jukwaani. Sauti inatumia kama sekunde 0.2 kufika pale, wakati umeme kwenye kebo umefika zamani. Fundi lazima azicheleweshe zile spika za katikati kwa kiasi hichohicho, la sivyo watu wa nyuma watasikia kila neno mara mbili. Na kiasi hicho kinabadilika na joto. Mtwara usiku ni joto, sauti inakimbia. Arusha pale Sheikh Amri Abeid baridi ikishuka, inapungua kasi. Utamwona fundi mzuri saa tatu usiku anatembea peke yake hadi nyuma ya umati, anasimama, anasikiliza, kisha anarudi kurekebisha. Mtu huyo mfuate, muulize maswali.

Kuhusu vijana wa vibarua mnaowakuta kila mji: wao ndio mikono yenu, na wengi hawajawahi kuona kasha lenye magurudumu la kilo mia mbili likiteremka kwenye mbao za lori. Waonyeshe pa kusimama kabla hujawaambia wavute. Wapewe glavu. Wakila nyinyi, nao wale. Kwenye kupakia, kinachotangulia kushuka ndicho kinachoingia mwisho, kwa hiyo kebo zako kuu zisizikwe nyuma ya skrini. Dai nafasi yake mapema. Na usipande lori juu ya mzigo hata ukiambiwa basi la wafanyakazi limejaa. Utalala gesti, utafuata kesho. Barabara ya usiku na dereva aliyekesha kwenye shoo ni hatari kubwa kuliko chochote nilichokuandikia hapa.

Sasa fedha, na hili shangazi yako angelifurahia. Omba mkataba wa maandishi, hata uwe ukurasa mmoja. Uonyeshe siku za kufunga, siku za njiani na siku za kufungua, zote zilipwe. Nimewahi kufanya kazi na mwandaaji mmoja, jina lake silitaji, aliyewalipa vijana siku ya shoo peke yake na kuziita nyingine zote maandalizi. Wale vijana walikuwa wamelala kwenye nyasi za uwanja siku tatu. Uliza pia kama mwajiri wako amejisajili na anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, maana ukiumia kazini huo ndio unaohusika. Ukiuliza hivyo utaonekana msumbufu, na mimi nataka uonekane msumbufu. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba Taylor Swift aliwapa madereva wa malori ya ziara yake Marekani bonasi ya dola 100,000 kila mmoja. Sikuandikii hilo ili uwe na ndoto za dola. Nakuandikia kwa sababu msanii mwenye jina kubwa kiasi kile alionyesha, kwa fedha, kwamba bila wale madereva hakuna shoo.

Masikio yako yalinde. Yangu yanalia usiku, mama yako ndiye anayejua. Sauti ya desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) sikio linaivumilia kwa muda wa saa nane kwa siku; kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatika nusu, na ikifika 100 umebakiwa na robo saa. Mbele ya spika kubwa inapita hapo kwa urahisi. Vaa vizibo vya masikio hata kama wenzako wanacheka, na siku ya kupumzika usiende disko.

Wasichana kwenye kazi hii bado ni wachache. Wapo watakaokutuma chai na kukuuliza nani ni fundi. Jibu kwa heshima kwamba fundi umeme ni wewe, na uendelee. Lakini mahali pa kulala na choo cha wanawake usiwaachie wakupangie wao. Zungumza na kiongozi kabla hamjaondoka Dar, ujue chumba chako na nani mwenye ufunguo wa pili. Ukitaka kurudi nyumbani kwa sababu yoyote, hata ile usiyotaka kuieleza, nauli nitatuma usiku huohuo bila swali.

Mama yako amekufungia khanga mbili, dawa ya malaria na karanga. Mimi nimeweka buti, tochi ya kichwani, glavu za ngozi na ile mita yangu ya manjano. Betri ni mpya, na waya mwekundu nimeubadilisha ncha. Mzigo unakuja na basi la Alhamisi asubuhi, namba ya kondakta nitakutumia kwa ujumbe. Ijumaa mkishafunga, kabla hujawasha, nipigie unisomee vipimo. Nitakuwa macho hata ikiwa saa nane za usiku.

Ni mimi baba yako.