YAH: TIKETI ZA MCHUJO MLIZOTUUZIA KAMA RAUNDI YA KWANZA, BERGAMO

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tangazo lenu, mliloliandika kwa Kiswahili ili kutuvuta sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Milano, lilisema: "Tenisi ya Challenger, Bergamo, Jumapili. Raundi ya kwanza. Usafiri wa basi umo." Nililipa euro 95, yangu na ya mwanangu. Tulichokwenda kutazama ni mchujo.

Huenda ofisini kwenu yote ni tenisi tu, kwa hiyo nieleze. Challenger ni ngazi ya pili ya tenisi ya kulipwa ya wanaume, chini ya mashindano makubwa ya ATP, chama cha wachezaji tenisi wa kulipwa wa kiume. Droo kuu, yaani mashindano yenyewe yanayoanza na raundi ya kwanza, ina wachezaji 32. Jumapili ile ilikuwa ya mchujo, ambapo wachezaji 24 hugombea nafasi 6 za kuingia kwenye droo hiyo. Wale vigogo mliowaweka picha kwenye tangazo hawakuwa na mechi hata moja siku hiyo.

Sina ugomvi na mchujo wenyewe. Mtu anayewania pointi chache za viwango hupiga mpira kama anayedaiwa kodi ya nyumba, na ndani ya ukumbi ule uliofunikwa kila pigo unalisikia hadi kifuani. Lakini mwanangu nilimwahidi kingine. Anajua kwamba Jannik Sinner, nyota wa tenisi wa Italia, alitwaa taji lake la kwanza la Challenger hapohapo Bergamo, Februari 2019, akiwa na miaka 17 na yuko nje ya 500 bora duniani, baada ya kupewa nafasi ya mwaliko kwenye droo kuu. Droo hiyo ndiyo aliyotaka kuiona.

Kilichoniudhi zaidi ni stika. Kila tiketi mmeibandika stika ya nembo yenu. Tukiwa kwenye basi la kurudi, mwanangu akaibandua yake kwa kucha, na chini yake pameandikwa kwa Kitaliano, herufi kubwa, kuwa ni tiketi ya mchujo. Naambatisha picha za tiketi zote mbili. Yangu stika bado ipo.

Nilipopiga simu, dada aliyepokea alinijibu kwa upole kwamba tiketi ikishakaguliwa mlangoni fedha hazirudi. Sasa ningejuaje kabla ya kukaguliwa, na maandishi mmeyafunika?

Naomba mnirudishie fedha zote isipokuwa nauli ya basi, ambalo kwa kweli lilikuwa safi na liliondoka kwa wakati. Pia mrekebishe tangazo, maana hadi naandika barua hii bado liko vilevile. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Zikipita kimya, nitapeleka suala hili kwa watetezi wa haki za walaji hapa Milano, pamoja na picha hizo.

Wenu,
Mteja, Milano