Wanamaji waliotangulia wasomwe kwa majina

Mhariri,

Wiki ya kuwakumbuka mashujaa ikifika, picha inayotoka magazetini huwa ile ile: mgeni rasmi ameinama na shada, nyuma yake wazee wamejipanga na nishani zao. Majina ya waliokufa hayaonekani popote, na mara nyingi hata kwenye hafla yenyewe hayakusomwa. Yalifupishwa kuwa "wenzetu waliotangulia mbele ya haki", kisha watu wakaenda kula. Kwa wanamaji kasoro hii ni nzito zaidi. Askari wa nchi kavu ana kaburi ambalo jamaa zake watalizuru. Aliyezama na meli hana kitu ila jina.

Mfano uko hapa hapa kwetu. Meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi, na wanamaji wa Uingereza, wanawake kwa wanaume. Tarehe 12 Februari, kwenye visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili na meli ikazama kabla ya dakika mbili kwisha. Walikufa watu 1,297. Ukienda kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, utaukuta Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki; majina mengi yaliyochongwa pale ni ya waliokufa siku ile. Wanajulikana mpaka leo kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeandika orodha, na mwingine akaitunza.

Kwa hiyo chama chochote cha wastaafu wa jeshi la wanamaji kinachoandaa mkutano wake wa mwaka kianze na orodha, miezi mitatu kabla. Hema, bendi na wali wa biriani vitapatikana wiki ya mwisho. Orodha haipatikani wiki ya mwisho.

Ateuliwe mtu mmoja tu wa kuitunza, si kamati. Daftari lake liwe na jina kamili, jina ambalo wenzake walimwita melini, namba ya jeshi, meli alizotumikia na miaka yake, tarehe ya kufa, na mwisho, ambao ndio muhimu kuliko yote, nani amethibitisha. Uthibitisho uwe wa pande mbili: jamaa wa karibu, na karatasi, iwe kibali cha mazishi, cheti cha kifo au tangazo la kifo lililochapishwa. Habari ya kusikia msikitini au sokoni haitoshi. Pwani yetu ina kina Mohamed Ali na Juma Hamisi wengi mno, na kosa baya kuliko yote katika shughuli hii ni kumsoma mtu aliye hai huku mkewe amekaa mstari wa pili. Namba ya jeshi ndiyo inayowatenganisha wenye majina yanayofanana. Itumike kwenye daftari, isitajwe kwenye kipaza sauti.

Kuna kosa la pili linalofanana na hilo, la kumwacha mtu kwa kuwa alikufa mbali. Mwanamaji aliyestaafu akarudi Kitui au Kisumu huwa amepotea machoni pa wenzake wa Mtongwe, kwenye kambi ya wanamaji. Wenye meli moja wagawane: kila mmoja apewe majina kumi ya waliokuwa nao, awapigie simu, arudishe jibu kwa tarehe iliyopangwa. Asiyepatikana aandikwe "hajulikani alipo", asiandikwe amekufa.

Nani asomwe? Wamarekani, ambao wamefanya jambo hili kwa muda mrefu, katika vyama vingi vya waliotumikia meli moja husoma waliokufa tangu mkutano uliopita, pamoja na wale wa zamani ambao habari zao zimefika mwaka huo. Orodha nzima huchapishwa kwenye kijitabu cha hafla. Naona ni utaratibu mzuri, kwa sababu ya hesabu. Jina likisomwa kwa utulivu, kengele ya meli ikagongwa mara moja kwa heshima yake, mlio ukaachwa ufifie, ni kama sekunde 10. Majina 40 ni dakika saba hivi. Majina 100 yanakaribia dakika 17, na wazee waliosimama juani wataanza kukaa. Wale 1,297 wa Khedive Ismail wangechukua saa tatu na dakika 36.

Idadi ikiwa kubwa kiasi hicho, ipo njia ya wastaafu wa nyambizi wa Marekani. Katika Vita Kuu ya Pili walipoteza nyambizi 52 na watu zaidi ya 3,500. Hawasomi watu, wanasoma nyambizi: jina lake, tarehe ilipopotea, idadi ya waliokufa, kisha pigo moja la kengele. Hutajwa Tang, iliyozama tarehe 25 Oktoba 1944 baada ya topido yake yenyewe kupinda na kuirudia. 78 walikufa, 9 wakapona. Hutajwa pia Darter, iliyokwama mwambani karibu na Palawan siku moja kabla yake, watu wake wote wakaokolewa na nyambizi mwenzake Dace. Hakufa mtu, lakini kengele inagongwa, kwa sababu chombo nacho kina haki yake. Wengi huongeza Thresher ya 1963, watu 129, na Scorpion ya 1968, watu 99. Kwa sekunde 20 kila nyambizi, shughuli nzima haifiki dakika 20.

Sasa kengele yenyewe. Kengele halisi ya meli iliyostaafishwa kwa kawaida ni mali ya serikali. Kule Marekani vyama na makumbusho huazimwa tu, haiuzwi. Chama kinachosubiri kupewa kengele kitasubiri sana. Inatosha kengele ya shaba nyeupe yenye mdomo wa sentimita 20 hadi 25. Itundikwe kwenye kiguzo kigumu cha mbao au chuma, isishikwe mkononi, kwani ikiyumba mlio unakatika. Kamba ya ulimi iwe fupi, kama shubiri moja, ili mpigaji auongoze ulimi vizuri: anaupeleka mara moja kwenye ukingo na kuurudisha papo hapo. Ulimi ukigandamana na ukingo, badala ya mlio utasikia kishindo cha sufuria. Kengele isuguliwe siku moja kabla, wala si asubuhi ile, maana dawa ya kung'arishia shaba huacha weusi kwenye glavu nyeupe. Kipaza sauti kikae mita moja na nusu pembeni. Kikiingizwa chini ya mdomo wa kengele, spika zitakoroma.

Mwishoni mwa majina hugongwa kengele nane, ishara ya mwisho wa zamu, ambayo melini huchukua muda wa saa nne. Hapa ndipo wasiojua hujulikana. Kengele nane hugongwa mbili mbili: mapigo mawili ya haraka, pumziko, mawili tena, mpaka jozi nne zitimie. Ukigonga nane zilizolingana kama saa ya ukutani, kila baharia aliyepo atajua kuwa mpigaji hakuwahi kushika zamu. Kengele ya majina ni pigo moja moja, la taratibu. Mambo haya mawili yasichanganywe.

Msomaji asiwe mgeni rasmi. Mbunge hawajui watu hawa na atawasoma kama orodha ya wapiga kura. Asome mwenzao, mwenye sauti na miwani inayomfaa, na kila jina geni kwake ampigie simu mwenye ukoo siku chache kabla alisikie linavyotamkwa. Mtu wa Lamu akikutana na Ng'eno au Ng'ang'a kwa mara ya kwanza mbele ya watu ataharibu, na familia itakumbuka hilo kuliko chakula. Majina yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi ngumu, kwa sababu wakati wa kusi upepo wa gatini hupeperusha karatasi nyepesi. Cheo kisitangulizwe. Katika orodha hii kamanda na mpishi wafuatane kwa alfabeti au kwa tarehe ya kufa. Najua wapo maafisa wasiolipenda wazo hili.

Tarumbeta ni jambo la haraka. Waliofuata desturi ya Kiingereza hupiga Last Post, wimbo wa kuaga, wakanyamaza dakika moja au mbili, kisha wakapigiwa Reveille, wimbo wa kuamsha. Wamarekani hupiga wimbo wao wa kuaga, Taps, noti 24 tu. Wapiga tarumbeta walivyopungua kwao, mwaka 2003 wizara yao ya ulinzi iliruhusu tarumbeta yenye kifaa cha elektroniki ndani, mshikaji anaiinua tu mdomoni. Kama nanyi mtatumia sauti iliyorekodiwa, ichezwe kwenye kifaa kisicho simu. Simu hupigiwa.

Ile meza tupu ya Wamarekani, yenye kitambaa cheupe, waridi, kipande cha ndimu, chumvi, glasi iliyofudikizwa na kiti kisicho na mtu, nimeona inaanza kuigwa. Wenyewe waliiweka kwa ajili ya mateka na waliopotea vitani. Kuiweka kwa mzee aliyefia nyumbani Kisauni kwa kisukari ni kuiga bila kuuliza. Kama chama kina mwanamaji aliyepotea baharini na hakuonekana, hiyo ndiyo meza yake. Jambo moja la kuchukua hapo ni kwamba heshima kwa waliopotea, kwenye karamu za kijeshi za kwao, hunywewa maji matupu, si mvinyo. Kwetu, ambako nusu ya ukumbi hawanywi kileo, hilo linatufaa moja kwa moja.

Dini zishughulikiwe mapema. Kengele ni amri ya melini, si ibada, na ielezwe hivyo kwa sentensi moja kabla haijaanza. Atakayeona hata hivyo haimpendezi akae, asilazimishwe kusimama. Baada ya majina, sheikh aombe dua na padri aombe sala, kila mmoja dakika mbili, bila kumjibu mwenzake. Familia iulizwe wiki tatu kabla kama inataka jina la mzee wao lisomwe. Wapo wanaoona hitima iliyosomwa nyumbani inatosha, na wana haki. Mjane wa Kiislamu aliye edani, miezi 4 na siku 10, hatafika. Mwaliko uelekezwe kwa mtoto au ndugu, na kutokuja kwake kusisemwe kuwa ni kususa. Siku ya Ijumaa kila kitu kiwe kimekwisha saa tano asubuhi.

Familia wakae mbele, kivulini. Kila mmoja apewe kadi yenye jina la marehemu, meli zake na miaka yake. Hiyo wataitundika ukutani.

Likiwapo shada la kutupwa baharini, lifumwe kwa makuti, majani na maua, lifungwe kwa kamba ya nazi au katani. Waya, sponji ya maua na utepe wa nailoni visiwepo: shada la sponji halizami, na kesho yake utalikuta ufukweni pamoja na chupa. Asiyetazama jedwali la maji huaibika. Kilindini maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukilitupa wakati maji yanajaa, litarudi miguuni pa wageni kabla sheikh hajamaliza dua. Lengeni saa moja baada ya maji kujaa, yanapoanza kupwa kwa nguvu. Mkiwa chomboni, mashine izimwe, chombo kiache kwenda, na shada lishushwe kwa mikono miwili upande wa demani, usiopigwa na upepo, mbali na rafadha. Likirushwa kutoka upande wa upepo litagonga ubavu wa chombo na kuvunjika.

Mhariri, lililobaki liko kwenu. Majina 40, pamoja na meli na mwaka wa kufa wa kila mmoja, hayazidi robo ya ukurasa wa gazeti. Badala ya picha ya mgeni rasmi, chapisheni orodha hiyo mara moja kwa mwaka. Vyama viilete ikiwa imethibitishwa na kutiwa sahihi na mtunza daftari, wiki mbili kabla, nanyi msiifupishe wala kuongeza vyeo. Ikitokea kosa la herufi, lisahihishwe kwenye toleo linalofuata, palepale lilipotokea.

Baharia mstaafu,
Likoni, Mombasa