Barua ya Kufunga Muhula: Ramani za Kupaka Rangi katika Hisabati

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: ZOEZI LA RAMANI WAKATI WA LIKIZO

Pamoja na ripoti ya maendeleo ya mtoto wako, utakuta ndani ya bahasha karatasi mbili za ramani zisizo na rangi, na hizo ndizo zilizonifanya niandike kwa urefu kuliko kawaida. Baadhi yenu mmeuliza muhula huu, na mna kila haki ya kuuliza, kwa nini madaftari ya hisabati yana picha zilizopakwa rangi ilhali mlitarajia kuona kuzidisha na kugawanya. Kuzidisha na kugawanya kumeendelea kama kawaida. Ramani tumeziongeza kwa sababu zinamlazimu mtoto kueleza kwa nini jibu lake ni sahihi, jambo ambalo anaweza kulikwepa kwa miaka mingi akiwa anapata alama nzuri tu kwa kukariri njia.

Masharti ya zoezi ni mawili: maeneo yanayopakana yasiwe na rangi moja, na rangi zitumike chache iwezekanavyo. Kupakana maana yake ni kuwa na kipande cha mpaka kwa pamoja. Maeneo yanayogusana kwenye nukta moja tu, kama yalivyo majimbo ya Utah na New Mexico nchini Marekani, hayahesabiwi kuwa majirani na yanaweza kupewa rangi moja.

Wadogo huanza bila ramani yoyote. Mtoto huchora mistari iliyonyooka kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine, mingi kadiri apendavyo, kisha hugundua kwamba vipande vyote vinatoshwa na rangi mbili. Akiongeza mstari mpya, inatosha abadilishane rangi zote za upande mmoja wa mstari huo, na upande wa pili auache ulivyo. Mwacheni aligundue hilo mwenyewe.

Wakubwa wanashughulika na swali gumu zaidi, la eneo lililozungukwa na wenzake pande zote. Majirani wanaolizunguka wakiwa idadi shufwa, rangi mbili zitapokezana kwenye duara na ya tatu itabaki kwa eneo la katikati. Wakiwa idadi witiri, kupokezana huko hugoma mwishoni mwa duara, na rangi ya nne huhitajika. Tazameni Malawi, iliyozungukwa na Tanzania, Zambia na Msumbiji, au Luxembourg katikati ya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani: kila nchi kati ya hizo nne inapakana na zote tatu zilizobaki, kwa hiyo rangi tatu haziwezi kutosha hata apake nani.

Je, iko ramani inayodai rangi ya tano? Mwaka 1852 Francis Guthrie, akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza, aliona kwamba nne zinatosha, na swali lake likafikishwa kwa mwanahisabati Augustus De Morgan kupitia ndugu yake Guthrie. Mwaka 1879 Alfred Kempe alichapisha uthibitisho uliokubaliwa na wataalamu kwa miaka 11, mpaka Percy Heawood alipoonyesha mwaka 1890 kwamba una kasoro. (Habari hii huwafurahisha wanafunzi wetu kupita kiasi.) Jibu kwamba nne zinatosha kwa ramani yoyote iliyochorwa kwenye karatasi lilithibitishwa mwaka 1976 na Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois, wakisaidiwa na kompyuta.

Kwa hiyo mtoto akija kuwaambieni kwamba ramani yake imegoma na anataka kalamu ya tano, msimpe. Mwanafunzi mmoja wa darasa la nne alifika hapo karibu na mwisho wa muhula, akiwa amebakiwa na eneo moja dogo lililoguswa na rangi zote nne. Alilikodolea macho kwa muda, kisha akafuata mfululizo wa maeneo mekundu na ya buluu yaliyoshikana upande mmoja, akageuza kila jekundu kuwa la buluu na kila la buluu kuwa jekundu, na nafasi ikapatikana. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo mbinu ya Kempe, ambayo bado ina thamani kubwa licha ya kasoro ya uthibitisho wake.

Kwa kuwa kalamu za rangi hazifutiki vizuri, mtoto aanze kwa kuandika herufi kwa penseli ndani ya kila eneo, au aweke vifungo vya rangi mbalimbali juu ya ramani, na apake pale tu atakaporidhika. Msaada ninaouomba kwenu ni wa maswali: mwulizeni kwa nini rangi tatu hazikutosha, na angeanzia wapi kama angepewa ramani hiyo upya. Wa madarasa ya juu waweke kitone badala ya kila eneo na waunganishe kwa mstari vitone vya maeneo yanayopakana. Kwa njia hiyo hiyo niliipanga ratiba ya mitihani ya muhula huu, kila mtihani ukiwa kitone, mistari ikiunganisha mitihani yenye watahiniwa wa pamoja, na rangi zikiwa saa za kufanyia mitihani, ingawa katika mchoro wa namna hiyo hakuna ahadi kwamba nne zitatosha.

Karatasi zote mbili zirudishwe siku ya kufungua shule, hata kama hazijakamilika, zikiwa na sentensi chache za mtoto mwenyewe nyuma yake zinazoeleza pale alipokwama. Hazitatolewa alama.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu