Grafu kwanza, rangi baadaye

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na kurasa za kompaila yako, ile programu ya kugeuza msimbo kuwa amri za mashine, na nimezisoma zote. Umeandika kwamba kupaka rangi, yaani kuigawia kila thamani ya programu rejista yake (nafasi ndogo ya kuhifadhi ndani ya prosesa), ndiko kunakokutatiza. Naona rangi zako hazina neno. Kasoro iko nyuma yake, pale unapoijenga grafu ya migongano, ambamo kila thamani ni nodi na mstari unaunganisha mbili zisizoweza kukaa rejista moja, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza hesabu ya rangi; kila rangi ni rejista moja. Unalenga prosesa za x86-64 kwenye Linux, yenye rejista 16 za kawaida. Toa rsp inayoshika staki (eneo la kumbukumbu la fankisheni zinazoendeshwa), zinabaki 15. Ukiitumia rbp kama nguzo ya fremu, yaani alama ya sehemu ya fankisheni kwenye staki, 14. Hiyo ndiyo K yako, yaani idadi ya rangi, wala si 16 kama ulivyoweka.

Uhai wa thamani, yaani muda ambao bado itakuja kusomwa, umeupata vizuri: unapita kutoka amri ya mwisho kwenda ya kwanza, unaondoa kinachoandikwa, unaongeza kinachosomwa. Ila unapita mara moja tu. Penye kitanzi haitoshi, kwa kuwa mwisho wa kitanzi unategemea mwanzo wake. Rudia mpaka pasiwe na seti inayobadilika.

Sasa migongano. Wewe umeunganisha kila jozi ya thamani zilizo hai kwa wakati mmoja. Kwa macho ni sawa, lakini kuna tundu. Thamani iliyoandikwa na isisomwe tena haimo katika seti yoyote ya walio hai, kwa hiyo haipati jirani, inapewa rangi yoyote, na programu inapoendeshwa inafuta ya mwenzake. Tazama idiv, amri ya kugawanya: inaandika rax na rdx, hata kama unataka hisa tu na baki huna haja nalo. Usipoihesabu rdx, kilichokuwa ndani yake kimekwenda. Kanuni ni hii: kwenye kila amri, unganisha kila kinachoandikwa na kila kilicho hai baada ya amri hiyo. Isipokuwa amri ya kunakili b kwenda a: hapo usiunganishe a na b, kwani zimebeba thamani moja. Mojawapo ikiandikwa upya huku nyingine ingali hai, mstari utaingia wakati huo.

Kwa kanuni hiyohiyo, wito wa fankisheni ni amri inayoandika rejista 9: rax, rcx, rdx, rsi, rdi na r8 hadi r11. Ziweke zote, na thamani zinazovuka wito zitaelekea zenyewe kwenye rbx, rbp na r12 hadi r15. Rejista halisi ni nodi zenye rangi tayari: haziondolewi, hazimwagwi (kumwaga ni kuipeleka thamani kwenye staki rejista zisipotosha), na idadi ya majirani wake ichukulie kuwa haina mwisho. Hizo 6 (5 ukiitumia rbp kama nguzo ya fremu) zinapaswa kurudishwa kama zilivyokutwa: zinakili kwenye thamani mpya mwanzoni mwa fankisheni na uzirudishe mwishoni. Zisipohitajika, nakala zitaunganishwa, yaani pande zote mbili zitapewa rejista moja, na kutoweka.

Ihifadhi grafu mara mbili: matriki ya biti ya pembetatu (jedwali lenye biti moja kwa kila jozi) kwa swali la "je, hawa wanagongana?", na orodha za majirani za kupitia. Thamani 4,000 zinakula biti 7,998,000, yaani chini kidogo ya baiti milioni moja.

Upakaji wenyewe nitaupita haraka. Ondoa nodi yenye majirani chini ya K, iweke juu ya rundo, endelea; kisha shusha rundo ukipaka. Chaitin na wenzake wa IBM waliandika hivyo mwaka 1981, nao walipokwama, pasipo nodi ya kuondoa, walichagua moja na kuimwaga papo hapo. Briggs na wenzake wakaonyesha mwaka 1989 kwamba ni bora kuiweka nodi hiyo juu ya rundo na kusubiri. Chora mraba wa nodi 4 na rangi 2: kila nodi ina majirani 2, hakuna ya kuondoa, na bado rangi 2 zinatosha kabisa. Fuata njia ya Briggs.

Ya kumwagwa ichague kwa gharama: hesabu kila matumizi na kila uandishi, zidisha kwa 10 kwa kila kitanzi kinachoizunguka, gawa kwa idadi ya majirani, chukua ndogo kuliko zote. Kompaila yako haimalizi kazi kwa sababu unamwaga vilivyozaliwa na mwago. Zile thamani fupi zinazosoma kutoka kwenye staki zipe gharama isiyo na mwisho. Na kama iliyochaguliwa ni namba isiyobadilika, usiiweke kwenye staki. Ipakie upya kila inapohitajika.

Kuunganisha nakala ovyo kunazaa nodi kubwa isiyopakika, halafu unamwaga ndani ya kitanzi. Unganisha mbili pale tu ambapo nodi mpya itakuwa na majirani wazito, wale wenye K au zaidi, walio pungufu ya K. Jirani wa wote wawili akumbukwe: amepoteza jirani mmoja, mpunguzie hesabu. Usipompunguzia, atabaki mzito bure.

Mwisho, andika mkaguzi usiotegemea grafu. Baada ya kupaka, anahesabu uhai upya na kuangalia kwamba hakuna amri inayoandika kwenye rejista ya thamani nyingine iliyo hai baada yake, isipokuwa nakala yake. Kisha jaribu kwa rangi 4 tu zinazoruhusiwa, rbx na r12 zikiwamo ili thamani fupi zipate pa kukaa hoja za wito zinapopangwa. Makosa ya mwago yatajitokeza kwenye fankisheni ndogo kabisa. Nitumie atakachokikataa mkaguzi, tukiangalie pamoja.

Wasalaam,
sahibu yako