Mdogo wangu, ile picha ilikuwa haijaisha

Mdogo wangu,

Wifi alimdokeza Mama kwenye simu kwamba huwa unasoma blogu yangu usiku, watoto wakishalala. Kwa hiyo nakuandikia hapa, mahali ambapo huwezi kunikatia simu.

Magari yameanza kupanda kutoka Dar. Tangu juzi barabara ya kijijini ina vumbi mchana kutwa, na jana nimehesabu nyumba tatu ambazo taa zake hazikuwa zimewashwa tangu Januari. Mama ameniuliza mara mbili kama chumba chako kimefagiliwa. Nimekifagia. Nimetandika hadi shuka. Sikumwambia kwamba hujasema unakuja, na yeye hakuniuliza.

Nilikuwa nimekaa kuandika kitu kingine kabisa. Kila Desemba wasomaji huniuliza ni sinema gani za zamani za kuangalia na familia kwenye televisheni sikukuu ikifika, na mwaka huu nilikusudia kuwapa jibu zuri. Nikaanza na The Sound of Music ya 1965, kwa sababu ni ya Mama. Unakumbuka alivyokuwa anaacha kumenya ndizi kila Julie Andrews akianza kuimba, kisu mkononi, utomvu ukimkaukia kwenye vidole. Nikaandika Home Alone ya 1990 kwa ajili ya watoto. Halafu nikakumbuka pale ambapo ile familia iliyomsahau mtoto wao iko Paris, na televisheni ya nyumba waliyofikia inaonyesha picha nyingine ya zamani, imetiwa sauti za Kifaransa. Hapo nikashindwa kuendelea. Unaijua ni picha ipi.

Ndugu wasomaji, mnisamehe, orodha imeishia hapo.

Baba hakuwahi kuiita It's a Wonderful Life. Aliiita picha ya bwana wa darajani. Wewe ulikuwa mdogo sana mkanda ule ulipoingia nyumbani, lakini najua unakumbuka, kwa sababu ndiye uliyekuwa unaulambia utepe wake ulimi na kupigwa. Yule mwalimu mgeni alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia Baba televisheni, deki na mkanda mmoja. Bara wakati huo haikuwa na stesheni hata moja. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, sisi tulisubiri mpaka 1994. Kwetu televisheni ilikuwa chombo cha kuonyeshea mkanda, na mkanda wenyewe ulikuwa huo. Kila Krismasi, baada ya ibada na baada ya nyama, majirani walikaa hadi mlangoni, na Baba akasimama pembeni akitafsiri.

Nimekuja kusoma baadaye jinsi picha hiyo ilivyosambaa. Frank Capra aliitoa Desemba 1946 na haikurudisha gharama zake. Ikasahaulika. Mwaka 1974 wenye haki hawakuzihuisha, ikawa haina mwenyewe, na stesheni za Marekani zikaanza kuionyesha kila Krismasi kwa sababu hazikulazimika kulipa. Mikanda ikachapwa ovyo na kuuzwa bei ya chini. Ndivyo ilivyotufikia sisi chini ya migomba. Uzembe wa watu fulani huko ofisini ulimpa Baba yetu kitu alichokipenda kuliko redio yake.

Nimesoma pia habari ya ile theluji. Baba alikuwa anasema kila mara, tazameni anavyotoka jasho huyu, mtu mwenye deni hutoka jasho hata kwenye baridi. Kumbe ilipigwa California katikati ya joto la kiangazi cha 1946, na theluji yenyewe ni povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na maji. James Stewart alikuwa anatoka jasho kwa sababu kulikuwa na joto. Sikumwambia Baba. Na sasa nafurahi kwamba sikumwambia, kwa sababu alichokuwa anakiona kwenye ule uso kilikuwa kweli.

Na wewe hukujua alichokuwa anakiona. Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika.

Ulikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa mweka hazina wa chama cha msingi cha ushirika, na msimu huo fedha za kahawa za wakulima zilipungua. Watu walimtazama kanisani kwa namna ambayo sitaisahau. Aliuza ng'ombe wawili. Halafu akauza bati. Zile bati za nyumba mpya zilikuwa zimepangwa nyuma ya jiko miaka miwili, zimefunikwa majani ya migomba yasizipige mvua, na siku walipokuja kuzichukua zilibakiza kwenye udongo alama ya mstatili ambayo haikuota nyasi muda mrefu. Ulikuwa unaruka ndani ya ule mstatili, unasema ni chumba chako. Alilipa miaka mitatu. Baadaye ikajulikana kwamba hesabu zilikosewa mezani na hakuna senti iliyoibiwa. Hakuna aliyekuja kusema samahani. Wakati wote huo wa kulipa hakuna jirani aliyebisha hodi na chochote, hata mkungu wa ndizi.

Sasa mweke mtu huyo mbele ya picha hiyo. George Bailey anaendesha chama cha kuweka na kukopa alichoachiwa na baba yake. Ndugu wa baba yake anapoteza dola 8,000 za chama, anazisahau ndani ya gazeti analomkabidhi tajiri Potter mwenyewe, na tajiri ananyamaza. George anakimbilia darajani ajitupe mtoni. Malaika anamzuia, anamwonyesha mji ungekuwaje kama asingezaliwa. Akirudi nyumbani, mlango unafunguliwa na watu wanaanza kuingia. Wanamwaga pesa mezani, kwenye kikapu, mpaka zinamwagika. Wengine wana noti za kukunjwa, wengine sarafu. Huo ni mchango, mdogo wangu. Baba alikuwa anautazama mchango ambao yeye hakuletewa, na kila mwaka aliutazama kwa furaha, bila kijicho, akiwahesabia majirani walewale walioketi sakafuni kwetu nani ameleta kiasi gani.

Lakini hilo nalo halikuwa sehemu aliyoipenda zaidi. Aliyempenda zaidi ni mdogo wake George, Harry. George ndiye aliyetaka kusafiri dunia nzima, ana sanduku la safari. Baba yao akafa, George akabaki na chama, na pesa zake za chuo akampa mdogo wake akasome. Walikubaliana kwamba Harry akimaliza atarudi apokee kazi. Miaka minne baadaye Harry akashuka kwenye treni na mke, na baba mkwe ameshampa kazi kwingine. Tazama uso wa George pale stesheni. Anatabasamu, anamkumbatia shemeji yake, halafu anageuka pembeni.

Sijawahi kukulalamikia habari ya chuo cha ualimu. Nilipochaguliwa, wewe ulikuwa unaanza sekondari ya bweni, na kahawa ya mwaka ule ilitosha mtoto mmoja. Baba aliniuliza, hakuniamuru, na nilisema aende mdogo wangu. Nilisema mwenyewe. Ulipopata nafasi ya Marekani niliimba kuliko wote. Uliposema ni miaka minne nilihesabu minne. Ulipoandika kwamba umepata kazi, umepata mchumba, nilimsomea Mama barua ile mara mbili kwa sauti ya furaha. Silalamiki. Nakukumbusha tu jinsi ilivyokuwa.

Na dakika za mwisho kabisa, pesa zimejaa mezani, watu wanaimba, mlango unafunguka tena na Harry anaingia. Ameacha karamu aliyofanyiwa kwa ushujaa wake vitani, ameruka na ndege kwenye dhoruba ya theluji. Anainua glasi anamtakia heri kaka yake mkubwa, mtu tajiri kuliko wote mjini. Hapo Baba alikuwa hatafsiri. Alikuwa anasema tu, "Amekuja. Mnaona? Amekuja."

Sasa niiseme ile siku, halafu nisiiseme tena.

Tarehe 26 Desemba. Umekuja baada ya miaka sita, umetuletea ile televisheni ya bapa, umefunga king'amuzi kwa mikono yako, na Mungu akubariki kwa hilo. Na kwa bahati ambayo sikuiamini, picha yake ikatokea kwenye stesheni mchana ule. Baba alikaa kwenye kochi lake, kofia ipo gotini. Watoto wako wamekaa miguuni kwake na anawatafsiria Kiingereza kwa Kiswahili, watoto wanaojua Kiingereza kuliko yeye, na hawakumcheka. George amesharudi darajani, analia aombe arudishiwe maisha yake, na theluji inaanza kuanguka tena. Zimebaki kama dakika kumi.

Ukaingia na wenzako. Ukachukua rimoti. Baba akasema, na nilimsikia vizuri, "Bado kidogo, mwanangu. Huyu mdogo wake anakuja."

Ukasema, "Baba, hii si umeiona mara mia?"

Ukaweka mpira.

Hakukasirika, ndiyo maana siwezi kusahau. Alitafuta fimbo yake chini ya kochi, akavaa kofia, akasema anakwenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe nilikuwa nimeshamlisha. Alikaa zizini mpaka giza, na mwezi wa tatu tulimzika. Hakuna Krismasi nyingine.

Utaniuliza mimi nilikuwa wapi, kama ulivyoniuliza siku ile ya kuanua matanga. Nilikuwa mlangoni, nimeshika sinia la ndizi kwa mikono miwili. Wenzako walikuwa wageni wetu. Ulikuwa umekuja kwa wiki mbili tu baada ya miaka sita, na Mama alikuwa ameniomba tangu asubuhi pasitokee neno. Ningefanya nini? Ningeweka sinia chini nikunyang'anye rimoti mbele ya watu? Nilimshika Baba mkono nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Nilifikiri namsaidia. Nimeliwaza jambo hilo usiku mwingi, na bado naona nilifanya ambalo dada angefanya. Nilisema nitakuwekea mkanda kesho, Baba. Kesho yake deki iligoma, kichwa chake kilikuwa kimechakaa.

Niliyosema mbele ya wazee, kwamba ulimzimia Baba picha yake ya mwisho, niliyasema kwa maneno makali na kwa sauti kubwa, watoto wako wakisikia. Baba mdogo anasema nilikosea mahali. Inawezekana mahali hapakuwa penyewe. Lakini ulikuwa umesimama pale unasoma wasifu wake, unasema alikuwa mtu aliyependa mpira. Baba hakupenda mpira hata siku moja. Ningenyamaza vipi? Alfajiri uliondoka kwenda uwanja wa ndege wa KIA kabla nyasi za ng'ombe hazijakatwa, na huu ni mwaka wa nne.

Baba mdogo amekuja Jumapili na jani la isale, lile la kuombea radhi. Amelikata pale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, amelifunga fundo, ameliweka juu ya kabati, akaniambia, wewe ndiye mkubwa, peleka. Unajua maana yake, anayeletewa isale hawezi kukataa. Nimemwambia lipelekwe na nani, mpaka Maryland, kwenye bahasha? Nimemwambia pia kwamba mwenye kuomba radhi ni mdogo. Akaninyamazia. Limeanza kunyauka ncha.

Kwa hiyo acha nikupe ushauri niliokuwa nimewaandalia wasomaji. Waonyeshe watoto The Sound of Music, wewe ukiwa nao na simu iko chumba kingine. Waonyeshe Home Alone, wataipenda, na pale Paris wasimamishie uwaambie hiyo ndiyo picha ya babu. Kisha waonyeshe yenyewe, ile ya nyeusi na nyeupe. Ipo nyingine iliyopakwa rangi baadaye, ambayo James Stewart mwenyewe aliilalamikia, iache. Usiwatafsirie, wao hawahitaji. Waambie tu ya bati. Waambie kwamba shangazi yao hakuwa mkali hivyo kila siku. Na mtoto wako mkubwa, yule aliyelia matangani akanikimbia, mwambie nilikuwa na uchungu wa baba yangu.

Stesheni yenu ya NBC huko Marekani huwa wanaionyesha usiku wa mkesha, saa mbili usiku kwa saa zenu. Kwetu inakuwa saa kumi alfajiri ya Krismasi. Nimempelekea deki fundi wa Moshi mjini, amebadilisha kichwa, inafanya kazi. Mkanda haujaliwa na ukungu, niliufunga kwenye kanga ya Mama.

Nitaamka saa kumi niuweke. Nyinyi mna matangazo mengi, nyie yenu itakwenda karibu saa tatu nzima, ya kwetu ni dakika 130 tu, kwa hiyo nitafika darajani kabla yako. Theluji ikianza kuanguka nitaibonyeza isimame, picha itatetemeka na ule mstari mweupe katikati, na mimi na Mama tutakaa hapo tunywe chai tukikusubiri. Ukifika hapo, piga simu niiachie.